Mashine za Gemu za Kajificheni

Jumatatu, 3 Machi

Ramadhani imeingia na mimi nimo ndani. Khatib amefariki mwezi wa Januari, na tangu lilipotoka jeneza lake sijaukanyaga uchochoro wetu wa Kajificheni. Niko eda, miezi minne na siku kumi za mjane kukaa ndani. Eda yenyewe haiumi, nataka niseme ukweli. Kinachouma ni watu wanaokusaidia kuikaa. Mama mkwe wangu, Bi Kidawa, alikuja kutoka Makunduchi mwaka tulipooana, akasema anakaa wiki mbili, na mpaka leo hajarudi. Ana sheria zake alizoziongeza juu ya zile za vitabuni. Nisisimame dirishani. Nisicheke kwa sauti. Nisijitazame kwenye kioo. Kioo amekifunika kwa kanga.

Nilimwambia, "Mama, uso wangu naujua."

Akasema, "Basi huna haja ya kuutazama."

Binti yangu Nadhira ndiye aliyenitaka niandike. Anasoma chuo, anaamini kila maradhi yanatibika kwa kalamu. Haya, naandika. Ghorofa ya chini, chini ya kitanda changu hasa, kipo chumba chetu cha gemu. Watoto wa mjini wamecheza pale miaka zaidi ya thelathini, na waliocheza mwanzo sasa wana ndevu za mvi. Shemeji yangu Mmanga, mdogo wake Khatib, alikitia kufuli msibani, na ufunguo akaenda nao kwake Mbweni. "Kwa usalama, shemeji," aliniambia. Masika yako njiani. Mashine zile zisipowashwa kila baada ya siku chache, unyevu unaziingia na zinaota kutu tumboni. Hilo nalijua mimi peke yangu, na mimi siwezi kushuka.

Jumatano, 5 Machi

Joto. Mvua bado. Uji wa futari nimeuunguza.

Jumatano, 12 Machi

Mvua ya kwanza imepiga tangu alfajiri. Nimekaa nikisikiliza maji yanavyoteremka kwenye mfereji wa bati, na kila tone naliona linaingia kwenye mashine.

Leo naandika kosa langu nilimalize. Siku ya khitma, kisomo cha kumaliza msiba, Mmanga aliniuliza mbele ya watu, "Shemeji, vile vitu vya dukani ni vya nani?" Nikajibu, "Vya Khatib." Mke gani wa hapa atajibu vingine, na mume hata udongo wake haujakauka? Ukiulizwa nyumba ya nani, ya mume. Kitanda cha nani, cha mume. Hata cherehani uliyotoka nayo kwenu utasema ya mume, kwa kuwa ndiyo adabu. Sasa ile adabu yangu Mmanga anaitembeza mji mzima: "Mwenyewe shemeji kasema." Marehemu ameacha mama, mke, binti mmoja na ndugu mmoja, kwa hiyo Mmanga ana fungu lake katika mirathi. Anataka chumba akikodishe kwa muuza vinyago, na mashine ziuzwe.

Mashine zile ni zangu. Ya kwanza niliinunua kwa bangili za mahari yangu, na zote zilizofuata nilizifufua kwa mikono hii hii. Baba yangu alikuwa fundi redio kule Mlandege, hakujaaliwa mtoto wa kiume, akanifundisha mimi. Khatib alikaa mbele na watoto. Mimi nilikaa nyuma ya pazia na chuma cha kulehemu. Mtoto alikuwa hanioni, mzazi alikuwa hanisikii. Mji mzima ulimwita Fundi Khatib, na Khatib akaitika.

Nilimpenda. Nimeona nilitie na hilo, lisije likasahauliwa.

Jumatatu, 17 Machi

Leo alasiri nimepata mgeni. Anaitwa Suhaib, mtoto wa mtaa wa Amani, alikuwa akija kwetu kucheza akiwa mdogo, sasa anakaa Maskati. Anaandika kitabu cha historia ya gemu katika miji ambayo makampuni makubwa hayakuleta mashine zao: Unguja, Mombasa, Ngazija, Suri ya Omani. Yeye si maharimu wangu, kwa hiyo amekalishwa mkeka kwenye ubaraza wa juu ya ngazi, mimi chumbani, mlangoni pazia, na katikati Bi Kidawa juu ya kibao cha mbuzi ya nazi, anatutazama sote wawili.

"Shikamoo, Bi Mardhiya."

"Marahaba, baba."

"Nikisoma vitabu, naona gemu ni habari ya Wajapani na Wamarekani tu. Kama kwamba sisi hatukucheza. Na sisi tulicheza, Bi Mardhiya! Tena kwa mashine ambazo Wajapani wenyewe hawazijui."

Hapo alinipata. Nikasahau saumu. Nikamwambia mashine zetu zilikuwa za Kichina zilizoigwa za Kijapani, zikija kutoka Dubai ndani ya mabegi ya watu, zimezungushiwa mashuka. Kaseti zilikuwa za manjano. Moja iliandikwa ina michezo milioni, tukahesabu tukakuta kumi na mmoja, mingine yote ni ile ile imebadilishwa jina. Na mashine ya kwanza tulipoiunga kwenye televisheni ilitoa picha nyeusi na nyeupe, tena inapanda juu haitulii, kwa kuwa rangi za mashine zilikuwa za mpango mmoja na televisheni zetu za mpango mwingine.

"Sasa ikawaje?"

"Khatib alibadilisha kijipande ndani. Alikivua kwenye deki ya video iliyokufa."

Nilisema Khatib. Ulimi ulikwenda wenyewe.

Suhaib akacheka. "Unajua sisi watoto tulikuwa tunasema nini? Nyuma ya pazia kuna jini. Mashine inaingia mbovu, inatoka nzima, na Fundi Khatib hajanyanyuka kitini! Mimi nlikuwa siendi chooni kwenu kwa kuliogopa."

Bi Kidawa alikohoa. Mimi nilicheka kwa sauti, na nikakatazwa.

Jumatano, 19 Machi

Mvua. Niko ndani.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Wanawake wamekuja na vileja, wamenitazama kwa huruma, wamekula vileja vyao wenyewe, wamekwenda. Nimewasikia watoto uchochoroni wakiligonga lile duka. "Fundi Khatib! Fungua!" Hawajui, ni watoto wa juzi. Nadhira ameshuka kuwaambia.

Jumamosi, 5 Aprili

Mvua siku zote hizi, na nguo hazikauki. Nimekumbuka kwamba mashine moja iko huku juu stoo, niliileta kuitengeneza kabla Khatib hajaugua. Nimemtuma Nadhira ailete chumbani na televisheni ndogo. Nikafunga mlango, nikazima sauti, nikawasha. Picha ilipokuja nililia. Siku zote za msiba nililia kwa kuwa watu walikuwa wakinitazama. Leo nililia peke yangu.

Nilikuwa nacheza gemu ya matofali, ile ambayo matofali yanashuka na wewe unayapanga safu, mlango ukafunguliwa. Bi Kidawa. Nikangoja kelele. Alisogea mpaka nyuma yangu, macho kwenye televisheni.

"Hilo la kushoto," alisema, "mbona hulilazi?"

Ijumaa, 11 Aprili

Bi Kidawa amecheza mpaka adhana ya alasiri. Ananishutumu kwamba pedi ya kuchezea imelegea makusudi ili ashindwe. Amesema tena kuwa si haramu kwa kuwa haina sauti. Sijui hukumu hiyo ameitoa kitabu gani. Kwa mara ya kwanza tangu Januari tumekula pamoja bila ya kuhutubiwa.

Nilipomwambia, "Mama, mashine za chini zinakufa kwa unyevu, mwambie Mmanga alete ufunguo," alirudi kuwa Bi Kidawa. "Duka linaelekea njiani. Wewe mwenye eda huna kazi huko."

Jumatatu, 14 Aprili

Suhaib kaja tena. Leo tumezungumza habari za giza, ile miezi mitatu mji mzima ulipokosa umeme. Watu waliuza mafriji, na barafu ikawa inatoka bara. Chumba chetu hakikufungwa hata siku moja. Mashine zetu zinakula umeme mdogo. Tulitumia betri za gari, na televisheni ndogo zile za kuungwa kwenye betri. Lakini betri ya gari ina nguvu kuzidi kiasi, ukiiunga hivi hivi unaunguza mashine, kwa hiyo kila moja ilitengenezewa kipunguzio chake.

"Na vipunguzio alitengeneza Fundi Khatib?"

"Ndiyo."

"Mashaallah. Peke yake?"

Bi Kidawa alijibu badala yangu. "Mwanangu alikuwa na mikono mizuri."

Suhaib akasoma alichokwisha kuandika. Sura nzima, na juu yake jina: Fundi Khatib wa Kajificheni. Ameandika vizuri, na nilikuwa nikisikiliza habari ya maisha yangu mwenyewe ikipita kwenye ubaraza imevaa kanzu ya mtu mwingine. Mwisho akasema kwa furaha kwamba ameshapatana na Bwana Mmanga. Eda ikimalizika mashine zote zitatiwa makasha ziende Maskati, ziwekwe kwenye maonyesho, na picha ya Khatib ukutani.

"Wewe utafurahi, Bi Mardhiya."

Nikisema ni zangu, nitaulizwa zimekuwaje zangu. Na nikijibu, Khatib atakuwa aliitika jina lisilo lake miaka yote ile. Maiti hawezi kujitetea. Na nikinyamaza, zinakwenda. Nimekaa chumba kimoja miezi, lakini leo ndiyo nimejua nimefungwa.

Alhamisi, 17 Aprili

Mvua. Matofali. Bi Kidawa amenishinda, na anatembea nyumbani kama kanunua shamba Kidichi.

Jumanne, 22 Aprili

Nguo zangu zimerowa bado, lakini nataka kuandika.

Mvua ilianza baada ya sala ya adhuhuri, na haikuwa mvua ya kawaida. Uchochoro ulijaa. Nadhira alichungulia dirishani akasema maji yamefika kwenye kizingiti cha duka. Akampigia Mmanga simu. Mmanga akasema njia ya Mbweni haipitiki, tusubiri maji yapungue. Nikamnyang'anya Nadhira simu.

"Mmanga, nambie nimtume mtu avunje kufuli!"

"Shemeji, tuliza moyo. Vitu vya plastiki tu hivyo."

Nikakata. Chini ya ngazi yetu, kwa ndani, upo mlango mdogo wa kuingilia dukani. Ndio niliokuwa nikipita mimi miaka yote, nisionekane njiani. Huo nao Mmanga aliutia kufuli. Niliteremka mpaka pale nikatega sikio. Nikayasikia maji ndani. Nikasikia kitu kimeanguka, halafu kingine. Najua nilivyovipanga: kaseti chini, mashine rafu ya pili, televisheni juu. Kaseti zilikuwa zimeshakwenda.

Bi Kidawa alikuwa juu ya ngazi. "Mardhiya! Panda juu! Unakwenda wapi na eda?"

"Siendi njiani, mama. Nimo ndani ya nyumba yangu."

"Duka si nyumba!"

"Mama, zinakufa!" Nilipiga kelele ambayo nadhani iliwafikia majirani. Sikupiga kelele hiyo alipokufa Khatib. Naandika hivyo na naona haya, lakini ndivyo ilivyokuwa. Alipokufa Khatib walikuwepo watu wa kupiga kelele badala yangu. Mashine hazina mtu mwingine.

Nadhira akaja na mchi wa kinu. Nikampokonya. Kufuli halikuvunjika, ilivunjika mbao iliyoshika pete; mbao ya zamani, imeliwa na mchwa. Maji yalitumwagikia miguuni. Tulianza kubeba, mimi na yeye, mashine kwapani, pedi shingoni, tunapanda na kuteremka. Mlango wa njiani ulikuwa umefungwa muda wote, hakuna mwanamume aliyeniona hata ukucha. Safari ya sijui ya ngapi nilipofika kwenye ngazi nikamkuta Bi Kidawa amekaa hapo, na magoti yake yale mabovu, amenyoosha mikono.

"Lete," alisema. "Mtapanda mpaka lini?"

Tukapokezana yeye katikati. Tumeokoa mashine karibu zote. Kaseti za chini nyingi zimerowa, nitaziona. Sasa hivi chumba changu hakina pa kukanyaga, nyumba inanuka matope, na mimi nina furaha. Mungu anisamehe.

Jumatano, 23 Aprili

Mmanga amekuja asubuhi. Alisimama mbele ya pazia akasema nimevunja mlango na nimevunja eda. Kwa mlango nilikiri. Akasema mashine zikae huku huku juu, lakini isiguswe hata moja, ni mali ya mirathi. "Mwenyewe ulisema, shemeji."

Nilizigusa zote alipotoka tu.

Ijumaa, 2 Mei

Nimekuwa nikifungua mashine moja moja, nasugua kutu kwa mswaki na spiriti, nalehemu palipoachia. Bi Kidawa ananishikia tochi. Macho yake hayaoni vizuri, kwa hiyo tochi anamulika ukuta, lakini ameshika. Leo akasema bila kuulizwa, "Majirani walikuwa wakiniuliza, mkweo mbona hatumuoni? Nawaambia yuko nyuma, anashona."

"Najua, mama."

"Miaka yote ile hawakuona hata shati moja uliloshona." Akacheka mpaka tochi ikamdondoka.

Nilikuwa nikimwona ni askari wangu. Sasa sijui nimwite nani.

Ijumaa, 9 Mei

Nimesema.

Suhaib alikuja baada ya sala ya Ijumaa. Mvua ilikuwa nyembamba ya kuudhi, na labda hilo nalo limechangia. Alitaka jambo moja dogo tu la kumalizia sura yake: Fundi Khatib alikuwa akilehemu kwa chuma cha umeme au kile cha kupasha kwenye makaa? Akaongeza kwamba anataka kuchora picha ya mikono yake akiwa kazini. Mikono ya Khatib! Khatib aliyekuwa akiniita nimtilie balbu.

"Suhaib," nikasema, "mume wangu hakupata kushika chuma cha kulehemu maisha yake yote."

Nikaendelea, kwa kuwa nikisimama nisingeweza tena. "Lile jini mlilokuwa mkiliogopa ndilo hili linalozungumza nawe."

Bi Kidawa akanyanyuka kwenye kibao. "Mazungumzo yamekwisha. Baba, nenda."

Suhaib alikwenda. Nilimsikia amesimama kwenye ngazi muda, halafu miguu yake ikateremka. Bi Kidawa hakunitukana. Alinitazama tu, akaingia chumbani kwake, na ile mashine ya matofali niliyomwachia akaitoa nje akaiweka kwenye sakafu.

Jumanne, 13 Mei

Hasemi nami. Chakula nakiweka mlangoni kwake, nakikuta kimeliwa nusu.

Jumanne, 20 Mei

Mvua. Kila chumba cha nyumba hii kina mtu mmoja.

Jumanne, 27 Mei

Suhaib alimpigia simu Mmanga, akamwambia hawezi kununua mpaka ajulikane mwenye mali. Heshima yake kwa hilo. Mmanga amewaka. Ameniletea ujumbe kwa Nadhira kwamba namchafulia kaka yake kaburini ili nile peke yangu. Jumapili anakuja na Maalim Kheir, imamu wa msikiti wetu na mjuzi wa mirathi, aamue mali ya marehemu ni ipi na ipi siyo.

Nadhira kaniuliza, "Mama, utasema nini?"

"Sijui."

"Ni zako au si zako?"

"Ni zangu."

"Basi?"

Ana miaka ishirini na mbili. Kwake yeye neno likiwa kweli limeshatosha. Nilimwambia baba yake alikuwa mtu mwema, akasema hilo hajamuuliza mtu.

Jumapili, 1 Juni

Wanaume walikaa ukumbini, wanawake nyuma ya pazia. Bi Kidawa alikaa mbele ya pazia kwa utu uzima wake. Sikumwona uso, niliona mgongo tu.

Maalim Kheir ni mtu mpole, anasema polepole. Aliniuliza nadai nini. Nikasema mashine za gemu ni mali yangu, si ya marehemu; ya kwanza kwa bangili zangu, nyingine kwa kazi yangu. Akauliza nina mashahidi. Sina. Aliyeniuzia Dubai sijapata kumwona, baba yangu amefariki, na kazi yenyewe ilifanywa kusudi isionekane na mtu. Mtu anapojificha kwa bidii hivyo, shahidi atamtoa wapi?

"Na siku ya khitma ulisema ni za marehemu?"

"Nilisema."

"Kwa nini?"

"Kwa adabu, maalim."

Aliguna kidogo, nadhani alinifahamu. Akaeleza kwamba mwenye kudai akikosa ushahidi, anayekana huapishwa. Akamgeukia Mmanga. Na hapa Mmanga, kwa woga wake wa kuushika Msahafu, alifanya jambo ambalo atalijutia. Alisema, "Maalim, mimi nlikuwa nakaa Mbweni. Aliyekuwemo humu ndani siku zote ni mama. Na mama ni mrithi kama mimi. Atakaloapa mama, mimi nimeridhika nalo."

"Bi Kidawa," akasema Maalim Kheir, "unasema mali hii ni ya nani?"

"Ya mwanangu."

Ningemlaumu vipi? Mimi nilimpoteza mume, yeye amempoteza mtoto aliyemzaa, na mimi nataka kumpunguzia na kilichobaki, jina lake.

Msahafu ukawekwa mbele yake juu ya marufaa, kibao chake cha kusomea. Maalim Kheir akamsomea maneno ya kuyafuata: naapa kwa Mwenyezi Mungu, mashine hizi zilikuwa mali ya mwanangu, na sijui kuwa Mardhiya ana haki nazo. Tukangoja. Niliuona mgongo wake ukipanda na kushuka. Mvua ilikuwa imekatika, na kwa mara ya kwanza siku nyingi nyumba ilikuwa haina sauti yoyote.

"Bi Kidawa?"

"Siapi."

Mmanga akashtuka. "Mama!"

"Siapi," alisema tena.

Maalim Kheir akauliza kwa upole, "Huapi kwa kuwa hujui, au kwa kuwa unajua?"

"Umeniuliza niape, nimesema siapi. Usinitake zaidi ya hapo, maalim. Nimezaa."

Maalim Kheir akasema kwamba anayekana akikataa kuapa, kiapo kinarudi kwa mwenye kudai. Msahafu ukapitishwa chini ya pazia ukawekwa mbele yangu. Nilikuwa na udhu. Nilikuwa na kila kitu isipokuwa ujasiri. Nilijua nikifungua mdomo nitapata mashine na nitamvua Khatib jina mbele ya mama yake, na marehemu hayupo tena nimuombe radhi. Nilitamani Bi Kidawa angegeuka anitazame, hata kwa ukali. Hakugeuka.

Nikaapa. Maneno yote, kwa sauti, mpaka mwisho.

Mmanga akasimama. "Kwa hiyo kaka yangu alikuwa muongo miaka thelathini?" Alichukua kofia yake akatoka. Bi Kidawa akanyanyuka kwa kushika ukuta, akaingia chumbani kwake, akafunga.

Mashine ni zangu. Nimekaa katikati yao na sina hamu ya kuwasha hata moja.

Jumanne, 3 Juni

Suhaib kaandika kwa simu ya Nadhira. Anataka kuiandika sura yake upya, na mashine anaomba kuzipiga picha tu, zibaki Unguja. Anauliza amwandike vipi Khatib. Sijamjibu.

Jumatano, 4 Juni

Eda yangu imemalizika leo. Kwa kitabu niko huru tangu asubuhi, lakini kwetu mwanamke hatoki eda peke yake. Mtu mzima wa upande wa mume ndiye anayemkogesha, anamvisha na kumtoa mlangoni. Kwangu mimi mtu huyo ni mmoja tu, na tangu Jumapili mlango wake haujafunguliwa ila kwa sala. Nadhira akasema, "Mama, twende zetu, utangoja mpaka lini?" Nikamwambia atangulie sokoni. Nikakaa kitandani, sijaoga, sijavaa, nangoja. Hakuna aliyenifunga. Niliona bora nikae ndani mwaka mzima kuliko kutoka bila yeye.

Adhuhuri ilipita. Alasiri ikaadhiniwa. Nikasikia mlango wake.

Aliingia na ndoo ya maji yenye majani ya mkunazi. Alinikogesha kama anavyokogeshwa mtoto, kwa nguvu, akanisugua mgongo mpaka ukaniuma. Akanivisha dera jipya ambalo sijui alilinunua lini. Akanipaka mafuta ya udi nyuma ya masikio. Mikono yake ilikuwa baridi. Aliponifunga mtandio akaanza kusema, macho kwenye fundo.

"Yule kijana wa Maskati atakuuliza habari za mwanangu."

"Ameshauliza."

"Usimwambie alikuwa muongo."

"Sitamwambia hivyo, mama. Lakini nimwambie nini?"

Alilifungua fundo akalifunga tena. "Mwambie alikuwa anaogopa watu. Wangemcheka, wangesema mkewe ndiye anayemlisha. Alikuwa anaogopa, basi."

"Na mimi nlikuwa naogopa, mama. Pazia nlilitundika kwa mkono wangu."

"Basi mwambie mlikuwa wawili."

Akanishika mkono, tukatoka chumbani, tukaanza kuteremka, yeye mbele kwa magoti yake yale, mimi nyuma. Katikati ya ngazi akasimama. Nikadhani amechoka. Kutoka chini nilisikia sauti za watu uchochoroni, mtu anauza ndizi, watoto wanagombana.

"Watatu," alisema Bi Kidawa, hajageuka. "Mwambie tulikuwa watatu."